Nondo wa Arabuko-Sokoke

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akishaipita Kilifi, huuona upande wake wa kushoto msitu uliofungamana kwa maili nyingi. Huo ndio Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, uliotangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1943. Wengi huuendea kwa ajili ya ndege wake, au huupita wakielekea magofu ya Gede. Wachache hujua kwamba humo huishi nondo ambaye uzuri wake haupungukiwi na wa kipepeo yeyote.

Nondo huyu ana rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani kibichi. Mabawa yake yakikunjuliwa hupita sentimita 10, kila bawa lina doa mfano wa jicho, na mabawa ya nyuma huteremka kama mikia miwili mirefu. Wataalamu humwita Argema mimosae.

Maisha yake huanzia katika yai dogo lililobandikwa mtini. Kiwavi aanguliwapo, kazi yake ni moja tu, nayo ni kula. Wala hali kila jani; mng'ongo ni miongoni mwa miti michache aipendayo. Kila ngozi inapombana huivua na kuvaa nyingine, hata awe mnene, wa kijani, asiyetambulikana kwa urahisi kati ya majani.

Akikomaa hujifumia kifukofuko cha hariri chenye rangi ya fedha, kilichotobolewa vijitundu vingi. Ndani yake hugeuka pupa, akatulia. Huweza kungoja humo kiangazi kizima hadi mvua iyarudishe majani mabichi. Kusini mwa Afrika, wachezaji ngoma hujaza vijiwe ndani ya vifukofuko vitupu na kuvifunga miguuni vipate kulia.

Atokapo, mabawa yake huwa yamekunjamana na yana unyevu. Hupanda tawini, akaning'inia, akayajaza maji ya mwili wake mpaka yakunjuke na kukauka. Tangu hapo hali tena, kwa kuwa hana kinywa cha kulia. Huishi siku chache kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi. Usiku jike hutoa harufu isiyosikika kwetu, na dume huinusa kutoka mbali kwa vipapasio vyake vilivyo kama unyoya. Wakishapandana, jike hutaga mayai, kisha wote wawili hufa.

Basi mng'ongo ukikatwa kwa kuni au makaa, mayai hayana pa kutagwa, na viwavi hawana chakula. Miaka ya nyuma majirani wengi wa msitu walitaka ukatwe wapate mashamba, na hawakuwa na lawama, kwani hawakuona faida yake ila hasara ya tembo na nyani walioharibu mazao. Mwaka 1993 ukaanzishwa Mradi wa Kipepeo, wenye makao Gede. Wanakijiji, wakiwamo akina mama, hufuga viwavi nyumbani kwa majani ya miti ya asili, kisha pupa huuzwa kwa maonyesho ya Ulaya na Marekani. Hivyo mti uliosimama ukaanza kulipa karo na kununua unga.

Sisi tunaovaa hariri katika harusi na Idi tusisahau asili yake: ni mate ya mdudu yaliyogeuka uzi. Na nondo akiingia chumbani usiku, wazazi wasiwaache watoto wamponde kwa kandambili. Ni taa iliyompoteza njia. Izimeni, fungueni dirisha, naye atajiendea zake. Huenda hana ila usiku mmoja au miwili ya kutaga mayai yake.