Picha moja ya WhatsApp, na muhami asiye na shahidi

Ndugu wasikilizaji wa Nyangezi, na ninyi wahami mliopokelewa katika nyumba zetu,

Tangu AFC/M23 waingie Bukavu, Februari 2025, natumiwa picha za watu karibu kila siku. Chini yake ni neno moja tu: msaliti, mpelelezi, mwizi, mchawi. Hakuna tarehe wala jina la aliyeandika. Kuna amri tu: tuma kwa wengine.

Kule Ulaya, mtu akiaibishwa mtandaoni anaweza kupoteza kazi. Kwetu anaweza kupoteza uhai. Desemba 2021, huko Lweba katika Fizi, kundi la watu lilimuua Meja Joseph Kaminzobe, Munyamulenge na askari wa FARDC, jeshi la nchi hii. Video za kifo chake zikazunguka simuni. Sisemi simu ndiyo iliyomuua, chuki ilikuwapo. Lakini simu huibeba chuki haraka kuliko pikipiki.

Mwenyeji akizushiwa, jirani atasema: huyu namjua tangu utoto. Muhami atatetewa na nani? Kijana mmoja alipigwa picha kando ya barabara akiuliza njia ya mahali familia yake inapolala. Kufika jioni alikuwa "mpelelezi". Mama yake alizunguka nyumba kwa nyumba, kadi ya uchaguzi ya mwanawe mkononi, akieleza. Siku ya tatu walibeba godoro wakaenda kwingine. Waliosambaza picha ile hawakusambaza maelezo ya mama.

Kwenye barza, mshitaki husimama akaonekana, mshitakiwa akajibu, wazee wakasikiliza pande zote mbili. Kwenye WhatsApp, mshitaki hana sura na hukumu inatoka kabla ya jibu. Hata sheria ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inamwadhibu anayeanzisha uongo juu ya mtu na anayeusambaza pia.

Najua tunaogopa, na wabaya wapo kweli. Ukiona hatari, mwambie shefu wa kijiji au wazee, usiliambie kundi la watu mia mbili. Na picha ya mgeni ikikufikia, kabla ya kuituma uliza kwanza: huyu analala kwa nani? Nenda kwa mwenye nyumba hiyo, umsikilize.