Sikio la Mzee

Baba alikuwa akisikiliza gari lake kama mtu amsikilizavyo mtoto mgonjwa. Peugeot 504, kabureta, silinda nne. Anageuza skrubu, anainamisha kichwa: "Hapo." Mtaa mzima ulijua sikio la dingi halikosei.

Mwaka jana gari likaanza kunguruma hata likiwa limesimama, na petroli inakwisha ovyo. Mzee akageuza skrubu. "Hapo." Haikuwa hapo. Nikanyamaza. Nyumbani nako redio ilikuwa ikifunguliwa hadi mwisho.

Nikaazima takometa, ile ya kufungwa kwenye koili. Mshale ukasimama 900, sawasawa. Mzee akacheka: "Si nilikwambia?"

Kumbe swichi ilikuwa kwenye silinda sita! Kipimo kile huhesabu cheche. Silinda nne hutoa cheche mbili kila mzunguko, sita hutoa tatu. Basi 900 yetu ilikuwa 1,350 kwa dakika.

Ningeweza kukaa kimya, heshima yake ibaki. Lakini teksi ile ndiyo ugali wetu. Nikanunua kipimo cha mwanga: unabandika kikaratasi king'aacho kwenye puli ya krenki, unamulika, kinahesabu mizunguko yenyewe. Silinda ngapi, hakijali.

Nikampa mzee ajionee mwenyewe. 1,350. Akakitazama muda mrefu, kisha akanirudishia na kushika bisibisi.

"Wewe soma," akasema. "Sema kwa sauti. Mimi nageuza."

Nikasoma, kwa sauti kubwa, mpaka 900.