Mali Bila Daftari

Ilikuwa yapata saa tatu usiku kijana alipogundua kwamba seva ya chuo ilikuwa imepotewa na njia zake. Mitambo ilinguruma kama kawaida katika chumba kile cha baridi, ila kila alipoiita programu ya kuchapisha alama za mitihani, mfumo ulimjibu kwamba hauitambui. Kulipokucha, alama hizo zingehitajika mezani pa wakuu wa vitivo.

Kosa alilitenda mwenyewe. Katika Windows kuna kigezo cha mazingira kiitwacho PATH, yaani orodha ya makabrasha ambamo mfumo hupita ukitafuta programu iliyoitwa kwa jina tu. Kijana alikusudia kuongeza kabrasha moja mwishoni mwa orodha hiyo. Alitumia amri ya setx, akabonyeza kitufe, kisha akakifunga kidirisha bila kuusoma mstari wa onyo uliojitokeza. Laiti angaliusoma! Amri hiyo haihifadhi zaidi ya herufi na alama 1,024, zinazozidi hukatwa. Orodha ya seva ile, iliyorefushwa na mafundi waliotangulia, ilikuwa imekivuka kiwango hicho kitambo. Nakala yake haikuwekwa popote. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazo la kwanza lililomjia ni kuuzima mtambo na kuuwasha upya, dawa ambayo mafundi huipenda kwa kila maradhi. Kabla hajafanya hivyo, alimpigia simu fundi mzee aliyemfunza kazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti inatetema?"

Kijana alimsimulia yote bila kuficha.

"Usiizime," mzee alisema. "Kila programu inapoanzishwa hupewa nakala yake ya vigezo vya mazingira, nayo huishika hadi ifungwe. Ukiuzima mtambo, utamzika shahidi wa mwisho. Tazama kama kuna kidirisha cha amri kilichofunguliwa kabla ya kosa lako."

Kijana alitazama. Chini ya skrini palikuwa na kidirisha alichokikunja tangu adhuhuri, akakisahau. Alikikunjua kwa mkono uliolowa jasho, akaandika neno moja tu: path. Orodha ilitiririka nzima, tangu kabrasha la kwanza hadi la mwisho.

Aliihifadhi katika faili mbili kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Kisha, kwa kuwa nakala ile ilichanganya makabrasha ya mfumo mzima na yale ya akaunti yake binafsi, alikaa akiyatenga moja baada ya jingine. Hakuitumia tena setx; aliirejesha orodha kupitia ukurasa wa mipangilio ya mfumo. Alipofungua kidirisha kipya na kuiita programu, iliitika. Saa saba usiku karatasi ya mwisho ilitoka kwenye printa.

Asubuhi hakuna aliyeshuku lolote, na angeweza kunyamaza. Hata hivyo, aliingia ofisini mwa mkuu wake, akakiri kosa, akaomba daftari la kuwekwa kando ya seva ili kila fundi aandike anachokibadilisha na kilivyokuwa awali. Mkuu alimkemea, kisha akampa daftari.

Wasomi wa lugha hawatakiona kisa hiki kuwa kigeni. Aghalabu mtafiti hufika kijijini akakuta msamiati wa uvuvi au wa ususi haumo katika kamusi yoyote, ilhali bibi mmoja kibarazani angali nao wote, kwa sababu alijifunza kabla ya mambo kubadilika na hakuna aliyemwuliza tangu hapo. Naye hushika nakala yake hadi siku yake ya mwisho. Kijana alibahatika kuuliza mapema. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una orodha ya PATH, nzima, kwa kalamu ya wino.