Waya Mmoja, Vyumba Vinne: Mkamwana Aliyezima TV Ujiji Siku ya Dabi

Kigoma, mwisho wa reli, kuna bidada mmoja, jina kapuni, ambaye ukweni wanamtania kwa jina la "Meni Swichi". Jina alilipata Ujiji, jioni ya dabi ya Kariakoo, alipozima TV zote za nyumba ya mama mkwe zikiwa zimebaki dakika ishirini mpira uanze. Nyumba imejaa wageni, bisi zimeshakaangwa, halafu mkamwana wa mwaka wa pili anasema hapana. Unaipata picha?

Bidada ni fundi umeme, kasomea VETA, anaishi Gungu na mumewe. Lakini si unajua mambo ya ukweni. Kule yeye si fundi, ni mkwe. Anachambua dagaa, anaosha vyombo, anaitikia "abee mama". Siku hiyo aliitwa kwa shida moja tu: TV ya chumbani kwa bibi ilikuwa na chenga, na shemeji yake alitaka amwongezee busta.

Mtandao wenyewe aliufunga shemeji wiki moja kabla. King'amuzi kimoja sebuleni, dishi juu ya bati, halafu kutoka kwenye king'amuzi waya unaingia kwenye spilita, unagawanywa vyumba vinne: sebuleni, kwa mama, kwa bibi na kwenye banda la vijana uani. Wote wanaona chaneli moja, ile anayoitaka mwenye rimoti sebuleni. Bibi alishakosa tamthilia yake mara mbili kwa ajili ya mpira, ila hakulalamikia hilo. Alilalamikia kitu kingine.

"Mjukuu wangu, huu waya unaning'ata."

Alikuwa amelisema tangu siku ya pili. Kila akigusa nyuma ya TV anahisi kama siafu wanampita vidoleni. Nyumba nzima ilimjibu jibu moja: bibi, hiyo ni ganzi, ni umri. Mama akamsugua mawese ya moto mikononi. Shemeji akacheka.

Bidada hakucheka. Alitoa mita yake, akachomeka msumari mrefu kwenye udongo wenye unyevu pale uani, akapima kati ya msumari na ganda la waya wa antena, yaani zile nyuzi za nje zinazozunguka uzi wa kati. Mita ikapanda juu ya volti 200. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Yaani waya unaotakiwa kubeba picha tu ulikuwa karibu sawa na soketi ya ukutani, na ulikuwa umetandazwa vyumba vyote vinne.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. TV nyingi za kisasa huvujisha umeme kidogo sana kwenye chuma chake, na hilo ni la kawaida. Ukiwa na TV moja huenda usihisi kitu. Ukiunganisha tatu nne kwa waya mmoja wa antena, vile vidogo vinajumlishana, na kama nyumba haina ethi, vinasubiri kidole cha mtu ndiyo vipite kwenda ardhini. Hapo utapata mtekenyo. Ni onyo, ila mara nyingi si kifo.

Alichokiona bidada kilikuwa zaidi ya hapo. Alichomoa TV moja moja huku akipima. Sebuleni, mita haikuyumba. Kwa mama, ilishuka kidogo. Kwa bibi, kidogo tena. Alipochomoa ile ya bandani, ikaanguka chini kabisa.

Bandani kulikuwa na TV ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo. Iliwahi kuungua, ikapelekwa kwa fundi wa mtaani, ikarudi inawaka. Bidada akaichomoa ukutani kabisa, akaweka ncha moja ya mita kwenye pini ya plagi na nyingine kwenye tundu la antena. Mita ikaonyesha njia ya moja kwa moja. Hapo hapatakiwi kuwa na njia. TV hizo huwa na vifaa vidogo vya kinga vinavyotenganisha umeme mkubwa na tundu la antena, na kwenye hii vilikuwa vimerukwa kwa kipande cha waya. Ilipokuwa peke yake bandani ilikuwa hatari kwa vijana wa bandani. Shemeji alipoiunganisha na wenzake, akaipelekea hatari hiyo bibi kitandani, mama chumbani na watoto sebuleni.

Kwa nini hakuna kilichokatika? Bidada alifuata ule waya wa kijani na njano kutoka kwenye meni swichi mpaka nje ya ukuta. Ulikuwa umekatwa hapo hapo juu ya udongo, na fimbo ya ethi haipo. Kopa inauzika kwenye vyuma chakavu, na waya wa ethi ukiibiwa taa haizimiki, kwa hiyo hakuna anayegundua. Na nyumba yenyewe ni ya zamani, haina ile swichi ya usalama inayojikata umeme unapovuja miliampea 30. Kumbuka kwamba kuanzia kama miliampea 10 hivi misuli ya mkono inajikaza, mtu anashindwa kuachia.

Ndipo akazima.

"Shemeji, unatutia aibu mbele ya wageni. Subiri mpira uishe," shemeji akasema.

"Mwanangu, wiki nzima inawaka na hakuna aliyekufa," mama mkwe naye akasema, taratibu, kwa sauti ile ya ukweni ambayo haigombi lakini inauma.

Bidada alimwamkia mama upya, shikamoo mama, kisha akasema: "Mama, bibi amekuwa akituambia wiki nzima. Tulikuwa tunamsugua mawese."

Hakuna aliyejibu. Dabi ilitazamwa kwenye TV moja ya sebuleni, iliyochomekwa moja kwa moja kwenye king'amuzi, waya za vyumbani zote zikiwa zimeng'olewa. Vijana wa bandani walibanana kwenye mkeka. Bibi alikaa mbele kabisa, akawa anauliza kila mara wenye nyekundu ni akina nani.

Shemeji alinuna siku tatu. Ya nne alipiga simu, hakuomba radhi, aliuliza tu: "Shemeji, hiyo fimbo ya ethi ipigwe upande gani?" Kwa wanaojua wanaume wa mjini, hiyo ilikuwa radhi tosha. Nyundo aliishika mwenyewe.

Kazi iliyorudiwa ilikwenda kwa mpangilio huu, na mwenye nyumba yeyote anaweza kumdai fundi wake vivyo hivyo. Ethi kwanza, ipimwe, na swichi ya usalama ifungwe. Spilita na busta zikae pamoja mahali pakavu penye hewa, si juu ya dari chini ya bati linalochemka. Maganda ya waya zote za antena yaunganishwe pale pale kwenye ethi ya nyumba kwa waya wa kopa usiopungua milimita za mraba 4. TV yoyote iliyowahi kufunguliwa ipimwe kabla haijaunganishwa na wenzake. Ya chogo ilitupwa.

Dishi nalo lilishushwa kutoka kwenye bati likafungwa ukutani, mita mbili na zaidi chini ya ukingo wa paa, karibu na ukuta. Likibaki juu linahitaji waya wake mnene wa kopa wa milimita za mraba 16 kwenda ardhini. Kwa Kigoma hili si la kupuuza. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, milima ya mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Na hata ethi nzuri haizuii radi ya kupiga papo hapo, kwa hiyo mawingu yakianza kujikusanya ziwani, chomoa plagi na waya wa antena. Zikishaanza kupiga, kaa mbali navyo.

Na fundi? Muulize leseni. Mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA, na mwenye nayo haoni shida kuionyesha. Kuvuta waya na kubana viungio anaweza hata dogo wa mtaani. Kugusa meni swichi ni habari nyingine.

Picha safi vyumba vinne ni raha, hakuna anayebisha. Ila ukishavuta ule waya umeziunganisha TV zote kwa chuma, na ubovu wa chumba kimoja unakuwa wa nyumba nzima. Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kulaumu chenga, muulize bibi yako kama waya unamng'ata. Akisema ndiyo, muamini.