Kabla ya Kupiga Windows, Toa Kwanza Amana za Watu



Leo hatuzungumzii shela wala singo. Tunazungumzia kompyuta ya nyumbani. Wengi wetu tunaofanya biashara ndani ya nyumba tuna moja tu ya familia nzima: mchana watoto wanafanyia kazi za skuli, jioni tunaandikia risiti, usiku tunapanga picha za wateja. Siku ikigoma kuwaka, neno la kwanza tunaloambiwa ni, "Ipeleke kwa fundi akaipige Windows." Sawa. Lakini tujiulize kwanza: ndani yake mna nini, na ni vya nani?

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi. Tulisomea cherehani, na kompyuta tumeijua kwa sababu kazi imetulazimisha. Ndani ya kompyuta yetu mlikuwa na folda 61, kila moja ina jina la biharusi. Mna vipimo vyake, mna hesabu ya arbuni na salio, na mna picha za siku ya kupima nguo na siku ya hina. Wako vichwa wazi, wamepambwa, piko imejaa hadi kwenye viwiko. Walikubali tuwapige picha kwa sharti moja, zisionwe na mwanamme asiye maharimu wao. Hiyo ni amana. Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha amana tuzifikishe kwa wenyewe, na hatuoni kwa nini amana iliyomo kwenye diski iwe nyepesi kuliko dhahabu iliyofungwa kwenye leso.

Kumi la kati la Ramadhani, nguo za Sikukuu zimejaa mezani na harusi za Mfungo Mosi ziko mlangoni, kompyuta ikaganda. Inawaka, inaonesha nembo ya Windows, kiduara kinazunguka, basi. Ndani ya kasha tukasikia mlio kama kucha zinazogonga meza.

Fundi tuliyempelekea ni kijana mstaarabu. Akatwambia tumwachie, atahamisha kila kitu kwenye kompyuta yake, atafuta diski, atapiga Windows upya, kisha ataturudishia vitu vyetu. Hakusema neno baya, ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Lakini duka lake ni la watu kuingia na kutoka, na kile kioo chake kinatazama barazani. Tukamshukuru, tukarudi na kompyuta yetu.

Cherehani na vitambaa

Tulivyoelewa sisi ni hivi. Kompyuta ni kama chumba cha kushonea. Programu endeshi, iwe Windows au nyengine, ndiyo cherehani: bila yake hakuna kinachokwenda. Picha na maandishi yako ni vitambaa vya wateja. Cherehani ikiharibika unaweza kuweka nyengine, lakini kitambaa alichokuletea mtu kutoka Dubai, ukikipoteza, huna pa kukipata.

Kupiga Windows ni kubadilisha cherehani. Tatizo ni kwamba kazi hii mara nyingi huanza kwa kufagia chumba kizima. Kwa hivyo vitambaa vinatoka kwanza.

Kutoa vitu wakati kompyuta haiwaki

Binti ya dada yetu anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Yeye ndiye aliyetuonesha kwamba kompyuta inaweza kuwaka kwa fleshi, bila ya kutegemea kilichomo ndani ya diski. Alipakua programu endeshi inayoitwa Linux Mint, ambayo ni ya bure, kwa bando la karibu GB 3. Akaiandaa kwenye fleshi ya GB 8 kwa kutumia laptopu yake. Fleshi hiyo iwe tupu, kwa sababu kila kilichomo kinafutika.

Unachomeka fleshi, unawasha, na papo hapo unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni F9. Unachagua fleshi, unasubiri, na kioo kinafunguka kama kompyuta ya kawaida. Diski yako ya zamani utaiona humo, unaifungua, unahamishia mafaili kwenye diski ya nje. Kompyuta nyengine mpya zimefungwa kwa BitLocker, zitakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi unaupata ndani ya akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, basi utafute kabla hayajakufika.

Nakala ya mwisho wa Rajab tulikuwa nayo. Zilizobaki ndani peke yake ni za Shaaban, mabiharusi 9. Wanane walitoka bila ya shida. Wa tisa alikwama.

Folda yake ilikuwa na picha 212 za kesha la hina. Bibi yake, aliyemlea, ndiye aliyemshika mkono wakati wa kupakwa. Bibi huyo alifariki siku ya tatu ya Ramadhani. Harusi ilikuwa bado.

Yule binti akatwambia ule mlio ni wa diski inayokufa, tusiiache ikazunguka bure. Tukaacha kuhamisha folda nzima, tukawa tunavuta picha chache chache. Tulianza baada ya tarawehe, na wakati wa daku tulikuwa tumepata 209. Tatu zilikataa kabisa.

Asubuhi tulimpigia biharusi, tukamwambia kama ilivyo: tatu zimepotea, na hatuwezi kujua zilikuwa zipi. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Ya bibi ipo?" Tukamwambia aje atazame mwenyewe. Alikuja na mama yake. Ilikuwepo, bibi amejitanda kanga yake, ameinama anacheka, mkono wa mjukuu uko mapajani mwake. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mama mtu ndiye aliyeomba tumtolee nakala mbili.

Kupiga upya, hapa hapa nyumbani

Diski ile haikufaa tena, tukanunua mpya ya SSD. Ya zamani tuliichomoa tukaibakisha nyumbani, ndipo tukampelekea yule yule fundi kasha tupu aifunge mpya. Alifanya kazi yake vizuri na haraka, tukamlipa haki yake, na hakukuwa na picha ya mtu ndani.

Kisha tukachagua cha kuweka. Windows 10 ilikoma kupewa huduma ya kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta za mtumba kama yetu nyingi hazina hicho cha mwisho. Wengine hupiga Windows ya kraki. Hukumu yake tunawaachia masheikh, lakini sisi hatupendi mtu avae nguo tuliyoshona asitulipe. Tena hizo programu za kufungulia kraki mara nyingi huja na virusi, na virusi havijui cha sitara.

Tukaweka Linux Mint ile ile. Linux ilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na kuitumia bila malipo ni ruhusa ya wenyewe. Mint yenyewe imejengwa juu ya Ubuntu, neno la kusini mwa Afrika ambalo ni ndugu wa "utu" wetu. Picha zinafunguka, risiti tunaandika kwa LibreOffice, na kazi za skuli za watoto zinafunguka pia, ingawa mpangilio wa ukurasa mara nyengine unahama kidogo. Ila kama una mashine ya kudarizi inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta, uliza kwanza, maana programu nyingi za kudarizi zinataka Windows.

Haya ndiyo tuliyoyazingatia, na yanafaa hata kwa anayepiga Windows:

Kwanza, hesabu. Linganisha idadi ya mafaili ya nakala na ya asili, kisha fungua machache uone kama yanafunguka kweli. Jina la faili kuonekana si dalili kwamba picha imo.

Pili, chomoa diski ya nje kabla ya kuanza. Kuna hatua kompyuta inakuuliza ifute diski gani, na hutaki ile yenye nakala iwemo kwenye orodha.

Tatu, umeme. Tazama yuniti zako, na kama ni laptopu, ijaze chaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi, huenda ukaanza upya.

Nne, funga diski kwa neno la siri. Wakati wa kuweka Mint kuna pahala pa kuchagua diski nzima ifungwe, hata mwizi akiichukua asione kitu. Lakini ukilisahau neno hilo, hata wewe huingii. La kwetu tumeliandika kwenye daftari linalokaa kabatini pamoja na vyeti vyetu vya ndoa.

Kuweka kwenyewe kulichukua kama nusu saa. Kurudisha picha kulichukua muda zaidi.

Diski ya zamani

Dada zetu, ukifuta picha haijaondoka. Hata kufomati kwa haraka ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: kurasa nyengine zimo, na mwenye programu ya kurudishia anaweza kuzisoma. Kama unauza au unagawa kompyuta nzima yenye Windows, ndani ya mipangilio yake kuna sehemu ya kuirudisha upya, na humo unaweza kuchagua iondoe kila kitu na isafishe diski. Inachukua saa nyingi, iache ifanye. Diski yetu ilikuwa inakufa na haisafishiki, kwa hivyo tuliitoboa kwa drili tukaimalizia kwa nyundo.

Na wewe biharusi

Unapokwenda kwa fundi wa nguo, kwa mpambaji au kwa mpiga picha, unauliza bei, unauliza rangi, unauliza siku. Ongeza maswali haya manne. Picha zangu zitakaa wapi? Nani anafungua kompyuta hiyo? Ikiharibika, inapelekwa kwa nani, na diski ikiwa ndani au nje? Baada ya kukabidhiwa zangu, utazifuta lini?

Usione haya kuuliza. Mwenye kazi safi hatachukia, na atakayechukia amekujibu. Sisi siku hizi tunayaeleza haya kabla mteja hajatoa arbuni, na tunampa nakala yake kwenye fleshi wiki ile ile ya harusi, ili picha zisiwe zinategemea kompyuta moja iliyoko chumbani kwetu.

Allah atusitiri sote, duniani na akhera, na awajaalie mabiharusi wetu wa Mfungo Mosi ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.