Simamisha Rula Kwanza

Mjukuu wangu mpenzi,

Mama yako amenisomea swali lako: grafu imechorwa, fomyula hakuna, nawe unatakiwa useme kama ni fanksheni, kisha utaje domeini (thamani za x) na renji (thamani za y). Usihangaike kutafuta fomyula. Jibu lote limo mchoroni.

Simamisha rula wima, uisogeze taratibu toka kushoto kwenda kulia. Ikikata mchoro mara mbili, hata mahali pamoja tu, hiyo si fanksheni. Duara la x² + y² = 25 linaangukia hapo: x ikiwa 3, y ni 4 na pia ni −4. Hata hivyo domeini na renji linazo, zote mbili kuanzia −5 hadi 5, kwa hiyo usiache nafasi tupu kwenye mtihani.

Rula inauliza jambo moja: nikikupa x, unaweza kunitajia y bila kubahatisha? Chukua bahari yetu. Weka saa kwenye mhimili wa mlalo, kina cha maji kwenye mhimili wa wima. Kila wakati una kina chake kimoja, basi ni fanksheni. Sasa igeuze. Kina cha mita 2 maji hukipita yakijaa, yakarudi kukipita yakipwa. Nikikutajia kina, utanijibu saa ipi? Na tazama hili, ambalo mimi hulipenda sana: siku ya bamvua na siku ya maji mafu domeini ni ileile, saa 24, ila renji ya bamvua ni pana na ya maji mafu ni finyu.

Wengi huponzwa na renji. Mchoro ukianza kwenye kitone kilichojazwa (−3, 2), ukashuka hadi (1, −4), ukapanda na kuishia kwenye kitone cheupe (5, 4), usichukue urefu wa ncha mbili ukaandika 2 hadi 4. Renji hupimwa toka chini kabisa hadi juu kabisa: −4 ≤ y < 4. Domeini ni −3 ≤ x < 5. Kitone cheupe hakihesabiwi, ndiyo maana alama ya usawa haipo upande huo.

Ukikutana na ncha yenye mshale, mchoro unaendelea nje ya karatasi. Usiukatie pale wino ulipoishia. Fanya grafu tano za namna hiyo, unipigie Ijumaa tuzipitie pamoja.

Babu yako