Vidimbwi vya Tiwi

Wakati wa sikukuu, ufuo wa Diani hujaa watu, boti na ngamia. Mama asiyejua kuogelea atamwangaliaje mtoto pale? Sisi huvuka Mto Mwachema, tukaenda Tiwi. Maji yakipwa, mwamba huacha vidimbwi vilivyotulia. Tunavaa raba kwa ajili ya miiba, miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, kisha tunalala kifudifudi juu ya samaki na matumbawe.

Safari hii nyanya yao, ambaye hakuwa amegusa bahari tangu nduguye azame, alichungulia pia. Alimshukuru Mungu humo humo mrijani!

Lakini siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hurudi kwa nguvu. Yakigeuka tu, watoto hutangulia ufuoni, nasi nyuma tukiwahesabu.